Kuku wa Jina

Mimi majina siyasahau. Nikikutana na mtu sokoni Kibiti, hata kama mara ya mwisho nilimwona akiwa mgongoni kwa mama yake, namjua yeye, namjua huyo mama, na namjua mkunga aliyemkata kitovu. Wanangu hunitumia kama watu wanavyotumia simu. "Mama, yule mzee wa Nyamwage aliyekuwa fundi baiskeli, nani vile?" Namtaja, namtaja na mkewe wa kwanza, na sababu ya kuachana kwao naijua ila siisemi.

Lakini humu hutakuta jina la mtu hata mmoja. Ukifika mwisho utajua kwa nini, na hutanilaumu.

Kwetu sisi mtoto wa kike hupewa jina akizaliwa, akaitwa hilo mpaka anapochezwa unyago. Siku anayotolewa ndani hupewa jina jipya, na lile la utotoni huzikwa. Halitajwi tena. Mama mzazi halitaji, kaka halitaji, mume ndiyo kabisa hatakiwi hata kulijua. Ukiteleza ukalitaja, unatozwa kuku. Ukilitaja kwa makusudi, kwenye ugomvi, kisimani watu wanasikia, hapo umemtukana mtu tusi la nguoni na ukoo wake wote utakusimamia. Mwenyewe peke yake ndiye hatozwi, maana jina ni mali yake. Na anayelizika ni kungwi.

Mimi nimekuwa kungwi tangu nilipomrithi mama yangu mkubwa, kule Maparoni, kwenye vijiji vya mpunga na mikoko. Majina niliyoyazika ninayo yote. Kungwi hasahau alichokizika. Kazi yake ni kujua kimelala wapi ili asikikanyage.

Sasa msimu wa korosho uliopita nilikuwa hapa Bungu, nyumbani kwa binti yangu, nakuna nazi uani. Binti yangu ni mwalimu wa madrasa. Barazani alikuwa na wanafunzi wake, wanasoma kwa sauti mpaka kuku wamehamia kwa jirani. Akaingia msichana mmoja kwa mlango wa nyuma, kavaa vizuri, viatu vimejaa mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa wapi wewe?"

"Natoka Dar es Salaam, chuoni. Natunza nyaraka."

"Nyaraka za nani?"

Akamtaja mtu wake. Nikaiacha ile mbuzi na nazi yake pale pale. "Yu mzima?"

"Ametangulia, bibi."

Nikamwombea. Marehemu alikuwa Mkristo, lakini nilimwombea kwa maneno yangu, na najua angeyapokea, maana maneno yale nilimfundisha mimi.

Mtu mwenyewe alikuwa profesa wa saikolojia, elimu ya yale yanayopita moyoni na akilini mwa mtu. Mwanamke wa bara, mrefu, mvi zimeanza kumtoka. Alitufikia Maparoni miaka ile ya redio za kaseti, wakati mpunga umeshika mimba na sote tumehamia kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu tunavyokaa shambani kuwinga ndege na kufukuza ngedere. Alikuwa anatafiti mambo mawili ambayo watu huyaweka mbalimbali: mtu anavyomwabudu Mungu wake, na mtu anavyokaa na mwenzake chumbani. Alituambia kwamba chuoni wenzake walimcheka. Wengine walisema habari za imani si elimu, awaachie masheikh na mapadri. Wengine walisema habari za chumbani mwanamke mzima haulizi. Wakamtaka achague moja. Akawajibu, "Anayeingia msikitini ndiye huyo huyo anayeingia chumbani. Mimi nimgawe vipi?"

Tulipolisikia hilo tukatazamana. Tulikuwa makungwi na wasaidizi wetu tumejaza dungu zima, na mkubwa wetu kwa ulimi alikuwa shoga yangu, kungwi wa ng'ambo ya mto, mwanamke mwenye sauti ya kuvusha watu bila mtumbwi. Akamkazia macho profesa.

"Wewe umechezwa?"

"Kwetu hatuchezi unyago."

"Ala! Basi hatusemi na mtoto."

"Nina mvi, dada."

"Hata bata mzinga ana shanga shingoni. Nani kamcheza?"

Tulicheka mpaka dungu likayumba. Profesa naye akacheka, akafuta miwani yake, akasema, "Basi nichezeni."

Nasi tukamcheza. Hatukufanya masihara. Tulimweka ndani ya nyumba yangu, juu ya mkeka, kafunikwa kanga, anaogeshwa, analishwa, anafundwa kama mwali. Kilichomshinda ni kunyamaza. Maswali yalimjaa mdomoni kama karanga. Kila akifungua kinywa, shoga yangu anaupiga mkeka kwa mwiko: "Mwali hasemi!" Akifumba, tunaendelea. Siku tuliyomtoa alikuwa akituliza macho kabla ya kusema, na mpaka alipoondoka hakuwahi tena kumkatiza mtu. Jina tulimpa. Binti wa nyaraka aliniambia kwamba kwenye jalada la kila daftari lake la mwisho mwisho aliandika jina lile chini ya jina lake la kazini, na chuoni hakuna aliyejua limetoka wapi. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Baada ya hapo ndipo tuliposema, naye akarekodi. Nyimbo tuliimba, mafundisho tuliyatoa. Mimi aliniuliza, "Unapomfunda bibi harusi mambo ya chumbani, Mungu unamweka wapi?"

Nikamwambia, "Simweki mahali. Namkuta." Nikamweleza kwamba sisi tunaanza na maji. Mtungi unawekwa chumbani kabla ya kitanda kutandikwa, maana kukutana kuna josho lake, na josho lina nia yake, na nia hutiwa moyoni. Kuna bismillahi ya kuanzia. Sasa jambo linaloanza kwa jina la Mungu na kuishia kwa maji ya kuswalia, utasema Mungu yuko nje anangoja? Na nikamwambia kwamba mwili ni amana kwa wote wawili. Mke naye ana haki yake humo ndani. Mume si kibarua, amalize tuta lake aweke jembe begani aende zake. Hapo wenzangu wakapiga vigelegele, na vigelegele vile vimo kwenye kanda mpaka leo.

Sasa kosa letu lilikuwa hili. Profesa alisema, "Sitaandika majina yenu. Kila mmoja anipe jina lolote la kumfichia." Shoga yangu akaruka: "Tumpe yale yaliyozikwa! Nani atachimba huko?" Tukaona akili hiyo! Kila mmoja akainamia mashine akalitaja lake la utotoni, mwenyewe hatozwi, tukacheka, tukaona tumejificha mahali ambapo hata shetani hafiki.

Na kweli hakufika. Tatizo hata wajukuu zetu hawakufika.

Binti wa nyaraka alinieleza taratibu, mimi naendelea kukuna nazi ili mikono ipate kazi. Watoto wa profesa wameyakabidhi makaratasi ya mama yao kwenye maktaba ya chuo. Yeye ndiye aliyeyapanga. Kuna barua, mihadhara, daftari za ndoto ambazo watu walimsimulia, mahubiri ya mapadri, maneno ya masheikh, ya waganga wa pepo, ya watu wa ndoa na watu wa utawa. Vyote vimewekwa kwenye maboksi, katika chumba cha baridi, na anayetaka kusoma anakaa pale pale, haruhusiwi kuingia na kalamu ya wino wala kutoka na karatasi.

"Kama mwali," nikasema.

"Ndiyo, bibi, kama mwali. Na kanda zenu tumezihamishia kwenye kompyuta, zinasikika vizuri. Ila mwenyewe aliacha agizo. Hakuna sauti itakayofunguliwa mpaka aliyesema akubali, au mwanawe. Asipojulikana, inabaki imefungwa."

"Mpaka lini?"

"Haina mwisho."

Alikuwa ameshakwenda Maparoni kuwatafuta wenye sauti. Alichukua yale majina kwenye vibandiko vya kanda, akapita nayo kitongoji kwa kitongoji, anauliza. Vijana hawakuyajua. Wazee walibadilika nyuso. "Bibi mmoja aliniuliza mimi nimefunzwa na nani, akaingia ndani akafunga mlango. Sijui nilikosea wapi."

Nilicheka mpaka machozi yakaingia kwenye nazi. "Mwanangu, ulikuwa unatukana watu nyumba kwa nyumba!" Maana majina yale yana sura yake, ni ya kitoto, ya Kindengereko cha zamani, ukiyasikia tu unajua hayo si ya kuulizia mtu mzima, tena marehemu. Nikamweleza. Masikini, akafunika uso kwa mikono miwili.

Mtu wa bandarini Nyamisati ndiye aliyemwelekeza kwangu. Kwenye kibandiko cha kanda yangu profesa alikuwa ameandika kwa mkono wake: huyu ndiye mwenye majina yote. Binti wa nyaraka akamuuliza yule mtu wa bandarini, mwenye majina ni nani? Akajibiwa bila kufikiri, "Basi huyo ni bibi aliyehamia Bungu."

"Wenzako wote wametangulia, bibi," mgeni wangu akasema. "Umebaki wewe. Ukiniambia kila jina ni la nani, nitawapata watoto wao."

Hapo nikaiweka nazi chini. Wenzangu wale, majina yao mengine niliyazika kwa mkono wangu, na mengine niliyarithi kwa mama yangu mkubwa. Nikiyafunga mdomoni, sauti zao zitakaa kwenye chumba cha baridi milele, na mabinti zao hawatazisikia. Nikiyataja, nimekanyaga nilichokizika.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Wanafunzi walishaondoka.

"Mama, yaache yalale," akasema. "Unyago na mambo ya chumbani, yakasikilizwe chuoni na watu! Mimi hapa wazazi wananiletea watoto. Watasema nini?"

"Watasema mama yake alikuwa kungwi. Wasichokijua ni kipi?"

"Kujua ni kujua, mama. Kusikia kwa sauti yako ni kingine."

Nikamgeukia mgeni. "Yangu unayo hapo? Yangu naifungua. Mwenyewe nipo." Akatoa kompyuta yake, akaiweka juu ya kinu kilichofunikwa ungo, tukakaa. Ikaanza na jina langu la utotoni, kwa sauti yangu mwenyewe, ya ujana. Tangu mama yangu mkubwa anizikie nilikuwa nimelitaja mara moja tu, kwenye mashine ile. Halafu maneno ya mtungi, ya nia, ya josho, moja baada ya jingine kama nilivyoyapanga, na ya kibarua na jembe lake, na vigelegele.

Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo. Ilipofika kwenye nia ya josho akainua uso. Midomo yake ilikuwa inaifuata sauti, na kwenye maneno ya kibarua nikaona mabega yanacheka.

"Haya ya nia na josho ndiyo ninayowafundisha wasichana wangu wakubwa," akasema. "Neno kwa neno."

"Uliyapata wapi?"

"Chuo cha Kibiti..." Akasita. "Hapana. Chuo kilinipa kitabu. Haya uliniambia wewe, kabla sijaolewa."

Nilichukua machicha ya nazi nikawamwagia kuku.

Ni wale kuku walionipa jibu. Walikuja wanagombania machicha, nami nikawatazama, nikajiuliza: kwa nini wazee waliweka kuku? Jambo ambalo halitakiwi kabisa kutendeka huliwekei kuku. Unaliwekea laana, unaliwekea kufukuzwa kijijini. Wao wakaweka kuku, kitu ambacho hata mjane anacho. Maana yake walijua siku moja jina litahitajika, wakaacha mlango, wakaweka na malipo yake. Kungwi kutozwa kuku sijapata kuona. Ila sijapata kusikia kwamba amekatazwa kulipa.

Nikamwambia mgeni, "Sikunong'onezi wewe sikioni, huko ni kuiba. Nitayataja mbele ya wenyewe, na kila jina nitalilipia. Twende Maparoni."

Binti yangu alifunga madrasa siku hiyo. Ndiye aliyebeba tenga la kuku. Nyamisati pale bandarini watu walitushangaa.

"Bibi, umeingia biashara ya kuku uzeeni?"

"Nakwenda kulipia ninayotaka kuyasema."

"Laiti na mke wangu angelipia yake!"

"Angelipia, mjukuu wangu, usingebaki na kuku hata wa dawa."

Boti nzima ilicheka, wakanipisha nikae kwenye kivuli.

Maparoni nilituma salamu kwa zile nyumba, kila nyumba itoe binti au mjukuu wa kike wa marehemu. Walikuja kwenye uwanja wangu wa zamani, kila mtu na kanga yake ya kukalia. Wanaume tuliwaambia watupishe. Mtoto wa pekee wa shoga yangu alikuwa mwanamume, mzee sasa, na magoti yake ni mabovu. Hakutaka kuondoka.

"Shangazi, mimi ni mwanawe. Nisimsikie mama?"

Nikamuuliza binti wa nyaraka kama sauti inaweza kugawanywa. Akasema inaweza. Basi tukaamua: maongezi na salamu ni ya wote, nyimbo za ndani ni za wanawake tu. Akasema hata maktaba wataliandika hivyo hivyo kwenye boksi, na wataliheshimu, kwa kuwa profesa mwenyewe aliagiza wenyewe waulizwe. Nikamwambia yule mzee, "Kaa nyuma ya ua wa makuti. Nikikuita uje, nikikufukuza uondoke, na usijifanye kiziwi."

"Haya, shangazi. Lakini mama alikuwa na sauti kubwa, nikisikia kwa bahati mbaya usinitoze."

Nikasimama. Nilisema jina la kwanza, la utotoni, kwa sauti. Uwanja ulishtuka, mabibi wakashika vifua. Kabla hawajatia neno nikamtoa kuku kwenye tenga, nikamkabidhi binti wa marehemu kwa mikono miwili, nikasema, "Nimelitaja jina la mama yako. Hili ni deni lake. Nipokelee." Akaguna, akatazama wakubwa, akapokea. Ndipo sauti ikafunguliwa.

Mama yake alikuwa anaeleza jinsi ya kumpokea mume aliyetoka safari ya mikoko, uchovu wote umemganda mwilini, na dua ya kumsomea maji ya kuoga. Yule binti, na yeye ni bibi sasa, alimkumbatia kuku wake mpaka kuku akalalamika. Alipoulizwa kama sauti ifunguliwe kwa wasomaji, alisema, "Ifunguliwe. Waje wasome adabu."

Tukaendelea hivyo, jina, kuku, sauti. Mmoja tu alikataa, nasi tulimwachia. Binti wa nyaraka aliandika kwamba ya huyo ibaki imefungwa, na huyo aliyekataa alimchukua kuku wake vilevile. Ni haki yake.

Ilipofika zamu ya shoga yangu nilimwita mwanawe kutoka nyuma ya ua. Nikalitaja jina la mama yake, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulijua. Alipokea kuku, akakaa chini pamoja na magoti yake mabovu. Kisha tukamsikia shoga yangu akiigiza alivyomfunda profesa ndani, mkeka unapigwa kwa mwiko, pa! na ile sauti ya kuvusha mto: "Mwali hasemi! Profesa wa nini asiyejua kufumba mdomo?" Na kicheko chake. Wakati ule ule, nyuma kabisa, mjukuu wake akacheka, kicheko kile kile, kinaanzia puani. Watu wote waligeuka. Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe hakwenda mbali."

Nilisimama pale nikaona nimekuwa mrefu. Tulikuwa wanawake wa mpunga, wa madunguni, wengi wetu shule tuliiona kwa mlango. Mimi mwenyewe niliacha darasa la pili, na haya ninayoandika ni kwa herufi za kisomo cha watu wazima. Lakini alikuja mwanamke msomi, akakubali kuwa mwali wetu, akayabeba maneno yetu akayaweka boksi moja na ya masheikh na mapadri. Hakutuweka chini yao. Mgeni wangu ameniambia, ni rafu ile ile.

Tenga likawa tupu. Nikasema, "Tumemaliza. Langu mimi hamlihitaji, mwenyewe nipo na nimeshakubali."

Binti yangu akainuka, akatoka. Nikadhani amekwenda kutafuta maji ya udhu. Alirudi na mtetea mwekundu, amemnunua nyumba ya pili, miguu imefungwa kwa ukindu. Alikuja mpaka nilipokaa, akapiga magoti, akamweka kuku miguuni pangu. Watu wakaelewa.

Waliowahi kuniita jina lile wote wamelala. Yeye alilisikia siku ile tu, uani kwake, kwenye kompyuta. Akaliita. Aliliita taratibu, kwa sauti ya barazani anayowaitia watoto wa watu.

Nikaitika, "Abee."

Kuku yule tulirudi naye Bungu. Ameshatotoa, vifaranga wake wanachakura hapa miguuni ninapoandika. Akija mgeni mkubwa, majirani humnyooshea mtetea kidole, amenona yule, mbona hamumchinji? Binti yangu huwajibu kwamba huyo haliwi, huyo ni jina la mama.